Pampu Iliyonyamaza

Hapo zamani, na zamani yangu si ile ya wanyama kusema bali ya majuzi tu, malori yakipita na madumu ya plastiki yakiwapo, palikuwa na kijiji katika nchi kavu ya bara kikiitwa Ilangawe. Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kucheka aende kwa mwingine, mimi leo sina.

Ilangawe ilikuwa na pampu moja ya mkono. Moja, kwa kaya zote. Jirani kabisa na pampu hiyo aliishi mama mmoja, Sechelela, na binti yake wa pekee, Nyemo, mwenye miaka mitano. Mume alikwenda machimboni na huko huko akaoa mke mwingine, basi tumwache na madini yake.

Nyemo aliugua malaria, ikampanda kichwani. Akapona, lakini ikamwachia degedege. Kelele ya ghafla ikimshtua, macho yanageuka, mwili unakakamaa, povu linamtoka. Na pampu ile ilikuwa na kelele! Grisi yake ilikwisha siku nyingi, na kamati ya maji ilikuwa ikikutana na kuahirisha, ikikutana na kuahirisha. Kila alfajiri wanawake walipoanza kusukuma mpini, chuma kililia juu ya chuma, iii-yaa, iii-yaa, na mtoto akaanza kutetemeka kitandani. Sechelela alimshika kichwa asijigonge, akangoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sechelela alikuwa na kaka yake, Masima, fundi wa magari kule njia panda. Kila alipokuja alimletea dada yake dumu la oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa injini inapobadilishiwa oili. Sechelela aliichuja kwa kipande cha gauni kuukuu, na nyumbani hapakuwa na kitu kisichoionja. Bawaba za mlango zilipakwa. Mnyororo wa baiskeli ulipakwa. Magunzi ya mahindi yalichovywa yakawashia moto. Hata koroboi, mafuta ya taa yalipopungua, iliongezewa oili, watu wakaamka na makamasi meusi. Maskini hatupi kitu, na anayemcheka hajalala gizani.

Siku moja Sechelela aliufungua mlango wake, ukafunguka bila hata kunong'ona. Akautazama mlango, akaitazama pampu.

"Kaka," alisema, "hii oili si ingeinyamazisha ile pampu?"

"Ingeinyamazisha mara moja."

"Na maji je?"

Masima alichukua bilauri ya maji, akadondosha humo tone moja la oili. Tone likaelea. "Umeona, dada? Mafuta hayazami. Pampu inanyonya chini kabisa. Oili itakaa huko juu, nyinyi mtakunywa ya chini. Mimi nashinda na injini kutwa, nikudanganye wewe?"

Hakudanganya. Hata kama ni mimi ningeiamini bilauri ile.

Sechelela akaenda kwa Babu Chiloleti, mtunza pampu, ambaye ndiye peke yake mwenye spana ya kuifungua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto kaamkaje?"

"Kaanguka tena, babu. Leo mara mbili, na ulimi kaung'ata."

Mzee alijua. Waliochimba kisima walimfundisha kwa kinywa chao kwamba mnyororo wa pampu hupakwa grisi safi, tena kidogo, kwa kitambaa. Oili chafu hawakuitaja kabisa. Lakini aliuona mkono wa Sechelela una alama za meno ya mwanawe, akatia spana. Akapaka kidogo, kwa kitambaa. Kelele ikapungua, haikwisha.

"Mimina, babu," Sechelela alisema. "Nakuomba. Mimina."

Babu akamimina kikombe kizima. Kesho yake pampu ikanyamaza. Tangu hapo, kila Jumamosi, kikombe kimoja.

Na Nyemo akalala. Jamani, Nyemo alilala! Mvua zikaisha, mwezi ukapita, wa pili, wa tatu, hakuanguka hata mara moja. Mashavu yakajaa. Akaanza kufuata mbuzi wa jirani, akajifunza kupiga mluzi, akawachosha watu kwa mluzi wake. Wanawake waliosukuma mpini walisema pampu imepata baraka. Sechelela naye alilala, usingizi wa kwanza tangu mtoto augue.

Kisha kikaja kiangazi, na kiangazi cha mwaka ule hakikumwogopa fundi. Maji yakashuka kisimani, yakashuka, yakashuka. Na kile kilichokuwa juu kikashuka nayo, mpaka kwenye mdomo wa bomba.

Wa kwanza kuonja alikuwa jirani, mama Wendo, mwenye watoto wanne. Aliteka ndoo, akaona rangi rangi zinazunguka juu ya maji. Akaonja, akatema. Alijua papo hapo, maana hata yeye magunzi yake aliyachovya kwenye dumu la Sechelela. Akaenda kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, na mkekani alikuwa Nyemo, amelala mdomo wazi, mkono juu ya tumbo. Mama Wendo akageuka akarudi kwake.

Siku tisa alinyamaza. Siku tisa aliwapikia wanawe kwa maji yale. Siku ya kumi mtoto wake wa mwisho akatoka vidonda mdomoni na kutapika mfululizo, ndipo mama Wendo akajifunga kanga akaenda kusema.

Wakubwa wa maji wakaja na gari. Wakanusa, wakatikisa vichwa, wakaufunga mpini kwa mnyororo na kufuli. Wakasema kisima kitasafishwa. Mimi ninayesimulia bado nawangoja.

Kijiji kizima kikaenda kuchimba mchanga korongoni, watu na punda na mbuzi shimo moja. Maji yalikuwa ya kahawia. Sechelela aliyachemsha. Kila siku aliyachemsha. Siku moja akarudi na ndoo jua likiwa kali, Nyemo kalia kiu mpaka sauti imekauka, na sufuria ndiyo kwanza imewekwa jikoni. Akamchotea kikombe. Kimoja tu, jamani, kimoja. Jioni tumbo likaanza. Siku ya pili Nyemo akafa, na hakufa kwa degedege. Alikufa kimya, mama yake akiwa bado anamwita.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Matanga yakiisha, mzazi hupewa wembe. Kama kifo kimepitia mkononi mwa mtu pasipo kukusudia, mtu huyo huja mwenyewe, hulowesha nywele, huketi chini mbele ya mzazi. Mzazi akimnyoa, neno limekwisha. Hapana wa kumnyooshea kidole, na yeye mwenyewe anaweza kulala. Lakini kifo kimoja hunyoa kichwa kimoja. Ambaye hakunyolewa hubaki na lake mpaka kaburini.

Siku hiyo walikuja watatu, vichwa vyote vimelowa.

Masima aliketi wa kwanza. "Dada, ninyoe mimi. Oili niliileta mimi. Uliniuliza habari ya maji, nami nikakujibu kwa bilauri. Kisima si bilauri, na mimi fundi nilipaswa kulijua hilo. Tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Usiponinyoa, kwako sitakanyaga tena, nitaona aibu, na wewe utabaki huna mtu."

Babu Chiloleti aliketi wa pili, magoti yakimlia. "Mjukuu wangu, ninyoe mimi. Huyu hakujua. Mimi nilijua. Nilifundishwa, nikakabidhiwa spana, na spana si ya kumhurumia mtu mmoja, ni ya kijiji. Nilimimina macho yangu yakiona. Hawa wana miaka ya kutubu mbele yao. Mimi nina mwaka huu tu, pengine sina hata huu."

Mama Wendo hakuketi, alianguka. "Mama Nyemo, ninyoe mimi. Siku ya kwanza ningesema, pampu ingefungwa bado korongo lina maji safi, kabla mifugo haijayachafua. Nikamwona mwanao amelala, nikanyamaza, wanangu wakanywa sumu. Kisha nikasema, na kusema kwangu ndiko kulikompeleka mwanao korongoni. Niliponyamaza nilikosa. Niliposema nilikosa. Watu wananipita njiani hawanisalimii. Nifanyeje mimi?"

Sechelela aliwatazama. Akamchukia kila mmoja kwa zamu yake, akamwonea huruma kila mmoja kwa zamu yake, na chuki haikutosha na huruma haikutosha. Akaufungua ule mtandio wa kichwani, nywele zake zikaonekana, hazijachanwa. Desturi haimkatazi mzazi kujinyoa mwenyewe.

"Aliyeomba pampu inyamaze ni mimi," alisema. "Babu alipaka kidogo, nikamwambia amimine. Na kikombe kile mkono uliokichota ni huu. Nikijinyoa, nyinyi watatu mtakwenda wapi? Nikimnyoa mmoja wenu, mimi nitalala wapi?"

Wazee wa Ilangawe waliokaa kushuhudia walikuna ndevu, wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao. Mimi sikuwapo kuwazuia. Nyinyi mpo, basi msiinuke.

Yupo Masima, aliyesema kwamba mafuta hayazami. Yupo Chiloleti, aliyemimina akijua. Yupo mama Wendo, aliyenyamaza kwa huruma na kusema kwa uchungu. Na yupo Sechelela, ambaye alitaka mwanawe alale. Wembe ni mmoja na nywele zinakauka. Je, kilichostahili wembe ule ni kichwa cha nani? Na mkishamchagua, nani kati yenu atakayewatazama usoni wale watatu waliobaki, awaambie waende nyumbani?