Nyati na Kivuli Kilichovuka Mwamba

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani za Nyati kuwa na nyumba, na nyumba kuwa na mlango, na nyuma ya mlango mke wa kumsuta, palikuwa na mwamba mmoja mrefu katikati ya mbuga kavu. Chini ya mwamba, upande wa kaskazini, ilitoka chemchemi. Hiyo chemchemi ndiyo iliyoleta maneno.

Nyati aliamka asubuhi moja akakuta swala wanakunywa, ngiri wanakunywa, na watoto wa pimbi wanaoga humo humo. Damu ikamchemka. Akakata miiba, akaizungushia chemchemi ua, akasimama mlangoni kifua mbele.

"Kuanzia leo maji haya ni yangu! Anayetaka kunywa aje apambane na pembe hizi!"

Nani apambane na pembe zile? Wanyama wakatawanyika kimya kimya. Akabaki Bi Pimbi peke yake, kanyama kenyewe hakamfikii Nyati hata gotini, na wanawe nyuma yake midomo imewakauka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, ondoka."

"Naondoka, mjomba. Sikuja kuomba maji, sisi tutalamba umande na kutafuna majani. Nimekuja tugawane mwamba, tusije tukakuudhi kila siku. Mimi mdogo, jua linaniua. Nipe upande ule ambao kivuli cha mwamba huangukia saa sita mchana. Wewe mwenye nguvu zako chukua upande wa jua."

Nyati akatupa macho. Yalikuwa majira ya kipupwe, na saa sita ndiyo ilikuwa imefika. Kivuli kimelala upande wa kusini, juu ya changarawe tupu. Upande wa kaskazini jua linawaka, na maji yake yanametameta. Nusura amcheke usoni!

"Hicho tu unachotaka?"

"Hicho tu. Lakini tule kiapo, usikivunje wewe wala nisikivunje mimi."

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile, kiapo kilifungwa kwa kulamba bonge moja la magadi mbele ya Twiga, aliyekuwa shahidi wa wote kwa sababu shingo yake iliona pande zote. Mvunja kiapo hakulamba tena magadi popote pale. Na nyati asiye na magadi, jamani, hukonda mpaka akabaki pembe.

Bonge likaletwa. Nyati akalilamba kabla hata hajaambiwa.

"Upande wa kivuli cha saa sita ni wa Pimbi! Upande wa jua ni wangu! Siku zote!"

Pimbi naye akalamba. Twiga akainamisha shingo kuonyesha amesikia, kisha akaenda zake. Twiga hakuwa msemaji. Wengine walidhani ni bubu.

Nyumbani, mkewe, Mama Ndama, alikuwa anapakua chakula. Aliposikia habari zile mwiko ukabaki hewani.

"Pimbi kaomba kivuli? Pimbi huyu huyu anayeota jua kutwa nzima?"

"Anasema jua linamuua."

"Tangu lini? Mume wangu, umeingizwa mkenge!"

"Mkenge gani? Mwamba utahama? Chemchemi itahama? Nipakulie nile, mama!"

Basi Nyati akanywa atakavyo, akaogelea chubwi! chubwi! huku familia ya Pimbi ikilamba umande kwenye mawe. Kipupwe kikaisha. Jua likawa kali, majani yakakauka, madimbwi yote ya mbugani yakabaki nyufa tupu. Chemchemi ikawa ndiyo roho ya nchi nzima, na yeye ndiye mwenye roho hiyo. Alijisikia vizuri sana.

Siku moja saa sita alichungulia upande wa Pimbi ili amzomee. Alaa! Kivuli kimekuwa kifupi.

"Mama Ndama! Njoo uone! Kivuli cha Pimbi kimesinyaa!"

"Kimesinyaa kikaenda wapi?"

"Nitajuaje? Kife kabisa, tuchukue mwamba wote! Ha ha ha!"

Lakini kicheko kile hakikufika mbali. Kila siku alipochungulia, kivuli kilikuwa kimepungua. Halafu ikafika siku, wanangu, saa sita ile ile, akatazama kusini: hakuna. Akatazama kaskazini: hakuna. Akajitazama mwenyewe: hata kivuli chake hakipo!

"Toba! Nimekufa?"

Akainua mguu mmoja, akainama. Kumbe kivuli chake kimejificha chini ya tumbo. Kule juu ya mwamba watoto wa pimbi wakaangua kicheko, kwi kwi kwi kwi! Jua lilikuwa utosini kabisa.

Nyati hakula vizuri jioni ile, wala zilizofuata. Na siku aliyoiogopa bila kuijua ikaja. Alikwenda kunywa maji saa sita, akainamisha kichwa, akahisi ubaridi puani. Akafumbua macho. Mstari mweusi umetoka chini ya mwamba, umepita ua wake wa miiba, umegusa maji.

"Salaale!"

Akakimbia upande wa kusini, tifu tifu tifu. Jua tupu. Akarudi kaskazini, tifu tifu tifu. Kivuli. Akakimbia tena kusini, labda hakutazama vizuri. Jua tupu! Akarudi anahema, akaukabili mwamba.

"Rudisha! Kirudishe kivuli kwao!"

Akaupiga kichwa, puuu! Pembe zikavuma mpaka kwenye meno. Mwamba haukutikisika hata kidogo.

Twiga akaja polepole. Akashusha shingo, akatazama kivuli, akafungua mdomo.

"Upande wa kivuli cha saa sita," alisema Twiga, "ni wa Pimbi."

Masalale! Twiga kasema! Sijui lipi lilimwangusha Nyati, hukumu au ile sauti, ila alijikuta amekaa chini. Nyuma yake alimsikia ndama wake akilia kiu. Moyo ukamwuma. Mama Ndama alimtazama tu, na kule kutazama kulimwuma zaidi.

Bi Pimbi akashuka kutoka juu ya mwamba, taratibu.

"Umeroga jua, wewe!"

"Jua haliendi popote, mjomba. Ni dunia yetu inayolizunguka, na inazunguka imeinama. Miezi mingine upande wa kaskazini wa dunia ndio ulioinamia jua, basi kivuli kinaangukia kusini. Dunia ikifika ng'ambo ya pili ya jua, upande wake wa kusini ndio unaoliinamia jua, na kivuli kinavuka kuja huku. Kila mwaka."

"Na upande wangu kitaniachia lini?"

"Masika yakikaribia."

"Masika!" Nyati alipiga ukelele. "Wakati kila kidimbwi kimejaa maji?"

"Ndiyo, mjomba."

Akashika kichwa. Pale mbele yake palikuwa na maji, nyuma yake mtoto analia, na ulimini bado anakumbuka ladha ya magadi.

"Bi Pimbi, nakuomba. Mtoto."

"Ng'oa ua wako," alisema Pimbi. "Anywe kila mwenye koo, leo na hata zamu yako ikirudi."

Nyati akalamba magadi upya mbele ya Twiga, safari hii polepole. Kisha akaung'oa ua kwa pembe zake, miiba ikimchoma pua, na hakulalamika. Swala wakarudi, ngiri wakarudi. Ndama akanywa kabla ya wote. Baba mtu alipopoa kidogo, akamsogelea Pimbi, akanong'ona.

"Haya mambo umeyajuaje?"

"Nalala chali juu ya mwamba, mjomba, sina kazi nyingine. Mchana naona kivuli kinavuka na kurudi, mwaka hadi mwaka. Jioni naona nyota zinatoka mashariki zinakwenda magharibi, zote pamoja, hakuna inayompita mwenzake. Nikajiuliza, zote hizi zimepatana kukimbia, au ni mimi ninayebebwa? Kumbe dunia inajipindua yenyewe kila siku, huku inalizunguka jua."

"Ardhi hii? Inazunguka sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na mimi nikiwa juu yake?"

"Wewe, na mkeo, na sufuria zake."

Nyati akatanua miguu yote minne, akakaza kwato ardhini, akafumba macho.

"Mama Ndama!" alipiga kelele. "Shika mlango! Mshike na mtoto!"

Basi wanangu, msiape juu ya jambo mliloliona siku moja tu. Litazameni kwanza mwaka mzima.