Shoka Lililofungwa kwa Mbeleko

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula au hamkula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Sogeza hicho kigogo kabla moshi haujatutoa machozi ya bure.

Hapo zamani za kale, mamba alipokuwa bado hajajifunza kunyamaza, palikuwa na fundi wa madaraja jina lake Dzombo. Mkewe aliitwa Mbodze. Binti yao wa pekee, Nyevu, aliolewa ng'ambo ya mto, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ya kwanza, mnajua wenyewe, mtu huja kujifungulia kwa mama yake.

Lakini atavukaje? Mtumbwi wa kivuko kiboko aliuvunja vipande vipande. Na masika yalikuwa mlangoni. Mto ukijaa, Nyevu atajifungua kwa watu ambao hajawazoea, mama yake amesimama huku akipiga kelele tu. Mbodze hali, halali.

"Baba Nyevu, jenga daraja," akasema.

"Nitajenga, mama Nyevu. Siku tatu tu."

Sasa sikilizeni desturi ya mafundi wa kule. Mwanagenzi akifanya kazi juu ya maji, chombo chake hufungwa kitanzi, na kitanzi huvaliwa mkononi. Siku anapofuzu, mwalimu wake hukikata kitanzi mbele ya watu, na vigelegele vikapigwa. Tangu hapo hafungi chombo tena mpaka kufa kwake. Akifunga, watu husema amerudi uanagenzi. Mimi desturi hiyo siipendi, lakini si mimi niliyeianzisha.

Siku ya kwanza Dzombo akapanda juu ya magogo, akashika nyundo. Ko! Ko! Ko! Jasho likamtoka, mpini ukateleza. Chubwi!

Mamba akatoa pua. Dzombo akamwita, "Mamba, ndugu yangu, nirudishie nyundo yangu!"

"Cha mto ni cha mto," akasema Mamba. "Ukikitaka, shuka ukichukue."

Nani ashuke? Wewe?

Nyumbani Mbodze akamwambia, "Baba Nyevu, si ufunge chombo mkononi?"

"Mimi, Dzombo? Nifunge tezo kama mbuzi?"

"Mbuzi akipotea, jioni hurudi mwenyewe. Tezo haina miguu."

Dzombo akageukia ukutani, akalala.

Siku ya pili akashika tezo, akachonga magogo yakae sawa. Cha! Cha! Cha! Nyuki mmoja akamzunguka sikioni, Dzombo akampiga kofi, na tezo ikaenda. Chubwi!

"Mamba, ndugu yangu, nirudishie tezo yangu!"

"Cha mto ni cha mto. Ukikitaka, shuka ukichukue."

Siku ya tatu akashika shoka. Limebaki gogo moja tu, gogo moja! Wingu jeusi likatanda. Mara Nyevu akatokea ng'ambo, mama mkwe wake amemshika kiuno.

"Baba!" akaita. "Uchungu umeanza kuninyemelea!"

Dzombo akashtuka, vidole vikalegea. Mnajua kilichofuata. Chubwi!

"Mamba, ndugu yangu..."

"Cha mto ni cha mto," Mamba akamkatiza. "Leo nimechoka kusema maneno mengi."

Dzombo akakimbilia kwa mafundi wenzake waliokaa ukingoni wakitazama. Wakatikisa vichwa. Kwao chombo cha fundi hakiazimwi, kama mswaki. Akasimama pale, mikono mitupu, akaona aibu mpaka akatamani ardhi immeze.

Ndipo Mbodze akaja mbio na shoka lake la kuni. Mpini ameufunga kwa mbeleko, ile kuukuu aliyombebea Nyevu alipokuwa mchanga.

"Hii haijawahi kuniangushia kitu," akasema. "Lete mkono."

Mafundi wakacheka. "Jamani, Dzombo amerudi uanagenzi!"

Dzombo akawatazama. Akamtazama binti yake ng'ambo. Akatoa mkono.

Akapanda, akakata, akageuza shoka, akagonga kwa upande wake butu. Mara likamponyoka. Mamba akafumbua kinywa. Shoka likaning'inia, likabembea, likarudi mkononi, na Mamba akameza upepo. Kabla jua halijatua, gogo la mwisho likakaa.

Na mvua nayo ikaanza.

Nyevu akapiga hatua moja, hatua mbili, hatua tatu, akasimama. Magogo yamelowa, tumbo limembana. "Baba, siwezi. Nitaanguka."

Dzombo akamfuata mpaka alipo. Akaifungua ile mbeleko kwenye shoka, akalilaza shoka juu ya gogo. Akamfunga Nyevu kiunoni, ncha nyingine akajifunga mwenyewe.

"Sasa ukianguka, tunaanguka wote. Twende, mwanangu. Polepole."

Wakaenda. Hatua moja, hatua mbili. Gogo likatikisika, na nyuma yao, chubwi!

"Fundi!" Mamba akapiga kelele. "Fundi, shoka lako! Geuka! Leo nakurudishia!"

Dzombo hakugeuza hata shingo.

"Cha mto ni cha mto," akajibu, na macho yake yako kwenye miguu ya Nyevu.

Walipofika, Mbodze akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, maana hakuwa na subira ya kuwafungua. Mafundi ukingoni wakawapisha njia. Nyevu akajifungua kwa mama yake, mtoto wa kike, ana sauti kuliko ngurumo.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Kuni za kumchemshia mzazi maji zilikatwa kwa shoka gani, hilo kamuulizeni Mbodze.