Timazi ya Mhandisi Veridiana

Hapo zamani za juzi, barabara ya Lihanje ilipokuwa ingali ya vumbi, wanawake watano walikutana Jumamosi saa tatu asubuhi katika chumba cha nyuma cha jengo la ushirika. Nitawataja mmoja mmoja, kwa sababu anayeombwa hukumu anapaswa kuwajua anaowahukumu.

Alikuwapo Mhandisi Veridiana Haule, mwenyekiti, mwenye umri wa miaka sabini na minne.

Alikuwapo Mhandisi Atuganile Mwasaka, mhandisi wa maji, mzaliwa wa Rungwe, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

Alikuwapo Mhandisi Mwanahawa Chiwaula, mhandisi wa madaraja, mzaliwa wa Tunduru, ambaye hakupata kuonekana bila kalamu.

Alikuwapo Mhandisi Leokadia Ngonyani, mhandisi wa umeme, mzaliwa wa Peramiho, ambaye huweza kumaliza kikao kizima bila kusema neno.

Alikuwapo Mhandisi Skolastika Mbunda, binti Fabiani Mbunda wa Kigonsera, ambaye mwezi mmoja kabla ya siku hiyo hakuwa mwanachama.

Wengine kumi na watano walituma udhuru, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata njia.

Na juu ya meza ilikuwapo timazi.

Ilikuwa timazi ya shaba, nzito, yenye umbo la karoti, imefungwa kwenye uzi mweupe. Fundi huining'iniza kando ya ukuta aone kama ukuta umesimama wima. Mhandisi Veridiana alipewa na mnyapara wake wa kwanza, Bwana Alfonsi Ndunguru, katika mwaka ambao yeye alikuwa mwanamke pekee saiti nzima. Bwana Alfonsi alimwambia, "Chukua, binti. Wakikubishia, usiseme neno. Ining'inize."

Basi sikilizeni jinsi timazi hiyo ilivyofika mezani.

Wanawake hao walikuwa na chama, Chama cha Wahandisi Wanawake, Tawi la Lihanje. Kanuni ilitaka tawi liwe na wanachama ishirini, wala haikuuliza wilaya ina wahandisi wanawake wangapi. Walianza saba. Wakawa kumi na mmoja. Wakawa kumi na tisa, na hapo wakakwama.

Akaja Mhandisi Berta kutoka Mbamba Bay, wakawa ishirini. Mwezi uleule Mhandisi Sikujua akahamishiwa Kigoma, wakawa kumi na tisa. Akaja binti mmoja kutoka chuoni, wakawa ishirini. Mhandisi Adelina akastaafu, akarudi kwao Ngara, wakawa kumi na tisa. Ikafika mahali muuza nyanya sokoni akimwona Mhandisi Atuganile humwita, "Kumi na Tisa, karibu! Leo mafungu mangapi?"

Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka ofisi ya usajili. Ikifika Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa kumi jioni, na wanachama hawajatimia, tawi litafutwa. Na chini ya tawi hilo walikuwapo wasichana kumi na mmoja, wahitimu wa chuo, wakifanya mafunzo ya kazi. Daftari zao za mafunzo zilitiwa saini na tawi. Tawi likifutwa, saini zake hazihesabiki, na wasichana kumi na mmoja wanaanza upya kama waliotoka darasani jana.

Mhandisi Veridiana akaitoa timazi mkobani, akaiweka mbele ya wenzake.

"Nimechoka kuhesabu," akasema. "Atakayetufikisha ishirini, na ishirini ibaki ishirini mpaka Ijumaa hiyo, timazi hii ni yake. Na atakayekuwa na timazi, ndiye atakayekalia kiti changu."

Hayo ndiyo maneno yake. Sikuongeza wala sikupunguza.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Mhandisi Atuganile. Alisikia kwa dereva wa lori kwamba kwenye mto Nambeya linajengwa daraja, na anayesimamia ni mwanamke wanayemwita Mama Zege. Akapanda lori mpaka linapoishia, kisha akatembea kilomita kumi na mbili. Akamkuta mwanamke amevaa buti za mpira, magoti yote yana saruji.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye Mama Zege?"

"Marahaba. Zege likishachanganywa halisubiri salamu. Shika koleo au kaa pembeni."

Mhandisi Atuganile akashika koleo. Wakamwaga zege mpaka jua likainama. Ndipo akajua kwamba Mama Zege jina lake ni Skolastika Mbunda, na kwamba ni mhandisi kamili, mwenye shahada yake, aliyekaa saiti miaka kumi na mmoja bila mtu kumwuliza.

"Jiunge nasi," Atuganile akasema.

"Vyama nimeviona. Chai, maandazi, picha ya pamoja, kwaheri. Nina daraja la kumaliza."

Atuganile akarudi mjini. Wiki iliyofuata akaenda tena, akatembea kilomita zilezile kumi na mbili, akashika koleo, akaomba, akakataliwa. Wiki ya tatu akaenda tena. Safari hii alikwenda na koleo lake mwenyewe begani, na akaeleza habari za wale wasichana kumi na mmoja, jina moja baada ya jingine.

Skolastika akamsikiliza mpaka jina la mwisho. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo fomu. La sivyo Krismasi nitakula na wewe hapa hapa."

Hivyo Mhandisi Atuganile alimleta. Lakini fomu ilikuwa na sehemu moja tupu.

Sehemu hiyo ilitaka saini ya mhandisi wa fani ileile, aliyeikagua kazi ya mwombaji kwa macho yake. Katika tawi lote mhandisi wa madaraja alikuwa mmoja, Mhandisi Mwanahawa Chiwaula. Na siku zilibaki nane.

"Saini tu, shoga," Atuganile akamwambia. "Picha ya daraja hii hapa. Limesimama, unaliona."

"Kwenye picha kila kitu kimesimama," Mwanahawa akajibu. "Niazimeni timazi ya Mama."

Akasafiri siku moja. Akakagua siku mbili. Aligonga kila nguzo kwa nyundo na kuisikiliza. Akalala chini ya daraja, akapima vyuma kwa kidole. Kila alichopima akakikuta sawa, akaandika. Mwisho akafika kwenye ukuta wa mawe wa upande wa kushoto, ule unaozuia maji yasile udongo wa barabara. Akaning'iniza timazi, akaisubiri itulie. Ukuta ulikuwa umeinama kwa upana wa vidole viwili.

"Mhandisi Skolastika, ukuta huu uliupima siku gani?"

"Jumatano ile tulipoujenga."

"Kulikuwa na upepo?"

"Upepo wa bondeni huu haukosi. Kwani nini?"

"Ndoo ya maji ilikuwa wapi?"

Kila fundi anajua kwamba siku ya upepo timazi huyumba, na dawa yake ni kuitumbukiza ncha yake ndani ya ndoo ya maji ili itulie kabla ya kusomwa. Siku ile saruji ilikuwa inaganda, maji yalikuwa mbali, naye Skolastika aliisoma timazi yake ikiwa inakwenda na kurudi.

"Umekuja kunisajili au kunivunjia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimekuja kutia saini. Bomoa mistari mitano ya juu, ujenge, nitatia."

"Ijumaa yenu itapita!"

"Ikipita, ipite na ukuta uliosimama wima."

Skolastika aliuangalia ukuta, akamwangalia Mwanahawa, akavua saa yake ya mkononi akaitia mfukoni. "Mafundi!" akaita. "Leteni nyundo. Na wewe, mama wa saini, kachote hiyo ndoo yako."

Wakabomoa. Wakajenga siku nne, wanawake wawili na mafundi saba. Jioni ya Alhamisi timazi ikaning'inizwa, ncha yake ndani ya ndoo, na uzi ukawa sambamba na mawe toka juu mpaka chini. Mwanahawa akatia saini akiwa amesimama ndani ya maji.

"Miaka kumi na mmoja," Skolastika akamwambia, "watu wananikagua mimi. Wewe umekagua ukuta."

Atuganile aliisubiri fomu njiani, akakimbia nayo kwenye matope, ikapokelewa ofisi ya usajili Ijumaa, saa tisa na dakika kumi na tano. Jumapili mto Nambeya ukafurika. Maji yalipita upande wa kushoto kwa nguvu, na ukuta haukutikisika.

Sasa, wiki hiyohiyo ukuta ulipokuwa ukijengwa, jambo jingine lilitokea mjini, na hakuna aliyelijua.

Jumatatu Mhandisi Leokadia Ngonyani alipata barua kazini kwake. Alikuwa amechaguliwa kuwa mkuu wa mitambo katika kituo kipya cha umeme, mkoa mwingine. Cheo hicho alikuwa amekiomba mara nne katika miaka tisa. Barua ilisema aripoti Alhamisi. Na kanuni ya chama ni kwamba mwanachama akiripoti mkoa mwingine, siku hiyohiyo anahesabiwa kule.

Leokadia akahesabu kwa vidole. Kumi na tisa na Skolastika, ishirini. Ishirini bila Leokadia, kumi na tisa.

Akapiga simu. "Naomba niripoti Jumatatu."

"Mhandisi, ni Alhamisi, ama tumpe mwingine. Wapo wanaosubiri."

"Siku nne tu."

"Alhamisi, Mhandisi."

"Basi mpeni mwingine," akasema, akaweka simu chini, akaenda kubadilisha transfoma kijijini Mtyangimbole. Cheo alipewa Bwana Teodori Milinga, ambaye kazi alifundishwa na Leokadia mwenyewe.

Ijumaa saa kumi jioni ofisi ya usajili ikahesabu. Ishirini.

Ndiyo maana Jumamosi ya wiki iliyofuata wakakutana, na timazi ikawa mezani.

"Semeni," Mhandisi Veridiana akawaambia. "Msione haya. Mwenye dai alitoe."

Atuganile akasimama kabla ya wenzake. "Mama, mimi sina maneno mengi."

"Hilo ni jipya," Mwanahawa akasema, wakacheka.

"Nimetembea kilomita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, mara tatu. Nimekataliwa mara mbili. Kama nisingekwenda mara ya tatu, huyu Skolastika leo angekuwa anaitwa Mama Zege, na sisi tungekuwa hatuitwi kitu. Nani mwingine alimleta? Timazi ni yangu."

Mwanahawa akaweka kalamu chini. "Alileta jina. Jina bila saini ni karatasi. Na saini yangu ningeitoa kwa kuangalia picha, Jumapili ile mto ungeondoka na ukuta ule, na Jumatatu wangesema, tazama wahandisi wanawake na ukuta wao. Tungekuwa ishirini kwa siku mbili. Mimi nimeleta ishirini isiyoanguka. Timazi ni yangu."

"Na ningechelewa kwa saa moja tu kwa ajili ya ukuta wako, tungekuwa tumekwisha!" Atuganile akasema.

"Hukuchelewa."

"Kwa sababu nilikimbia na fomu kwenye matope, dada!"

Mhandisi Veridiana akamgeukia Leokadia. "Na wewe? Au umekuja kunywa chai?"

Leokadia akatoa ile barua, akaiweka mezani, akaigeuza ili isomeke. Wakaisoma. Atuganile akaisoma mara mbili.

"Mbona hukusema?" akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwake.

"Ningesema, mngeniambia nenda. Mngenionea huruma, na tungefutwa." Leokadia akaikunja barua. "Mama ulisema, ishirini ibaki ishirini. Atuganile ameongeza mmoja. Mwanahawa amemthibitisha mmoja. Mimi sikuondoka. Timazi ni yangu."

"Lakini Leokadia, kukaa nako ni kazi?" Atuganile akauliza.

"Kaa wewe uone."

Ndipo Skolastika akacheka, kicheko cha mtu wa saiti. "Samahani, wakubwa. Mimi ni mgeni. Mnagombania kunileta, kunipima na kunisubiri, kama mfuko wa saruji. Nilikuja kwa miguu yangu. Nilibomoa ukuta wangu mwenyewe mbele ya mafundi wangu, na hakuna aliyenishika mkono. Ningekataa, koleo la Atuganile, kalamu ya Mwanahawa na barua ya Leokadia vingefaa nini? Wa ishirini ni mimi. Timazi ni yangu."

Wakaanza kusema wote pamoja. Mhandisi Veridiana akainuka, akaichukua timazi, akaifunga kwenye msumari juu ya fremu ya mlango. Mlango ulikuwa wazi, na upepo wa mvua ukaisukuma. Ikaenda, ikarudi.

"Mnaiona?" akauliza.

"Tunaiona, Mama."

"Inasema nini?"

"Inayumba, Mama."

"Basi leteni ndoo ya maji."

Skolastika akaleta ndoo. Mhandisi Veridiana akaurefusha uzi mpaka ncha ya timazi ikazama.

"Hamjanidanganya hata mmoja," akasema, "na hilo ndilo linalonipa taabu. Mwacheni mzee afikiri. Jumamosi ijayo nitataja jina, na jina hilo halitajadiliwa. Asiguse mtu ndoo hiyo."

Wakaagana. Wasichana kumi na mmoja waliendelea na kazi, na daftari zao zina saini. Timazi ingali pale mlangoni, imetulia, na anayeingia huinama kidogo ili asiiguse.

Mhandisi Veridiana Haule alifariki dunia Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Lihanje. Hakuacha jina.

Sasa ninyi mliosikia: aliyemleta, aliyempima, asiyeondoka, na aliyekuja kwa miguu yake. Je, nani alistahili?