Fisi Adai Ngoma ya Sungura

Mwaka ule jua liliunguza hata magugu, na aliyebaki na chakula cha kuuza msituni ni Sungura peke yake. Alikuwa na mizinga ya nyuki, na wanawe walikula kwa asali hiyo. Kila kibuyu alikichoma chapa: ngoma, nyuki juu yake, na chini jina, Asali ya Mwambani. Chapa hiyo nzima aliigonga kwenye ukuta wa udongo wa Simba, maana desturi ilikuwa hivi: kilichogongwa pale hakiguswi na mwingine.

Fisi naye akaleta vibuyu. Ndani, maji ya tope na kijiko cha asali. Nje, ngoma tupu. Huo ni wizi, hauna jina jingine. Lakini nani alisoma maandishi? Wanyama waliona ngoma, wakanunua, wakaharisha, wakamtukana Sungura. Asali yake halisi ikadoda, watoto wakalala na njaa.

Sungura akaenda kushtaki.

"Ukutani kwangu," Simba akasema huku akichana manyoya, "pana ngoma, nyuki na jina, vimeshikana. Kwa Fisi pana ngoma tu. Ukuta wangu haukosei."

"Umesikia, dada?" Fisi akacheka. "Ungegonga kimoja kimoja. Uvivu wako huo!"

Sungura akainama. "Basi, mfalme, ngoma peke yake haina mwenyewe. Naomba niigonge leo."

"Thubutu!" Fisi akaruka. "Ngoma ni yangu! Kila kibuyu chenye ngoma tupu kimetoka kwangu, tangu cha kwanza!"

"Vyote, kaka? Usije ukakana kesho."

"Vyote! Una wivu?"

Simba aliacha kuchana manyoya. Tangu alfajiri alikuwa akikimbilia kichakani, na heshima yake ilimzuia kusema kwa nini.

"Hata kile nilicholetewa jana?"

Fisi akababaika. "Kile... kile huenda..."

"Umesema vyote."

Fisi akakalishwa mbele ya baraza, akanyweshwa vibuyu vyake vilivyobaki, kimoja baada ya kingine. Kichakani hakuwahi kufika.

Sungura hakungoja kuambiwa. Aligonga ngoma peke yake, nyuki peke yake, jina peke yake, kisha vyote pamoja. Fisi angali akipitapita pale ukutani, akinusa kipande cha ukuta kisicho na mwenyewe. Juzi alidhani amekipata, pembeni kabisa, karibu na ardhi. Alipoinama, akakuta pamegongwa chapa ya sikio la Sungura.