Sindano ya Khayati na Hodi ya Bonde la Rihani

Alikuwako Sultani Shaharubi bin Dahmani, mtawala wa Jauhari, mji wa makuba ya kijani na milango ya nakshi, na enzi yake ilikuwa kubwa hata wafalme wadogo waliomzunguka wakitaka kupiga chafya hutazama kwanza upande wa kasri lake. Basi ukaja mwaka ambao hakuna aliyeuombea, na visima vya Jauhari vikaingia chumvi, kimoja baada ya kingine, mpaka kahawa ya Sultani mwenyewe ikawa na ladha ya machozi. Na ng'ambo ya kilima, katika nchi ndogo ya Mitunda iliyotawaliwa na Malkia Zuwena, lilikuwako Bonde la Rihani, na humo chemchemi tamu zilibubujika zisikome, na Sultani alilitazama bonde lile kutoka rosheni yake kama mwenye njaa atazamavyo sahani ya jirani.

Katika hazina ya mababu zake mlikuwa na sindano ya shaba, ndefu kama mkono wa mtu, na aliyefungwa kuitumikia alikuwa jini aitwaye Khayati. Sultani akaisugua, na jini akatokea, kichwa kikigusa dari, utepe wa kupimia shingoni, na mkasi ukining'inia sikioni kama herini.

"Labeka, bwana wangu," akasema. "Nikate nini, nishone nini?"

"Nishonee Bonde la Rihani kwenye nchi yangu, na mshono usionekane."

"Nitashona," akajibu Khayati, "ila agano langu lina sharti. Nchi ya watu ni nyumba ya watu. Mtu wa damu yako aishike sindano, aende akapige hodi bondeni, na wenyeji wakijibu karibu kwa sauti moja, neno lao ndilo litakalokuwa uzi wangu."

"Na wasipojibu?" akauliza Nadhiri, mwana wa Sultani, kijana aliyezaliwa na maswali, ambaye yaya wake alikuwa akimwita Bwana Kwa Nini.

Jini akatazama pembeni. "Nikiamriwa nitashona vilevile, ila uzi nitautoa kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Maswali baadaye," akasema Waziri Fadhaili, na baraza likaendelea.

Na katika baraza lile kila mtu alikuwa na lake. Waziri akasema, "Watu wa bonde wanasema lugha yetu, wanapika pilau yetu, na bibi mzaa baba wa Sultani alizaliwa huko. Kumrudisha mtoto kwao si wizi." Kadhi Muhidini akajibu bila kuinua macho, "Bibi yangu mimi alizaliwa katika nyumba unayokaa leo, Waziri. Nihamie kesho, au nikupe muda ufungashe?" Amiri wa jeshi akasema kwamba wasipolichukua wao atalichukua mwingine mwenye nguvu, na mwingine huyo hatapiga hodi. Na kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Bibi Salha, mama yake Nadhiri: "Bishaneni, mabwana, lakini kila atakayesema, kwanza anywe gilasi moja ya maji ya kisimani. Watoto wa mji wamepasuka midomo."

Nadhiri akawasikiliza wote, na lililomshangaza ni kuwa kila aliposikia hoja aliiona kweli, mpaka ilipokuja nyingine. Akaona njia ni moja, kwenda kuwauliza wenyewe. Baba yake akamkabidhi sindano, akamwahidi uliwali wa bonde, na Waziri akamtua begani kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Shahidi.

"Huyu atatuletea maneno ya watu kama yalivyosemwa," akasema Waziri.

Asilosema ni kwamba kasuku yule alilelewa kwa lozi na pilipili. Akitamka karibu, alipewa lozi, na akitamka neno jingine lolote, alipakwa pilipili ulimini. Basi kasuku alikuwa amejifunza kuyameza maneno mengine yote, na kooni mwake mlikuwa na hazina ambayo hakuna aliyeijua.

Wakatoka, na jini akajifanya mdogo wa kuenea kukaa juu ya sindano kama mtu aliyepanda punda. Walipokuwa wakipanda kilima, Nadhiri akauliza tena, "Wasipojibu, uzi utautoa wapi?"

"Katika umri wa aliyeishika sindano."

"Umri wangu mimi?"

"Sijamwona mwingine anayeishika sasa, bwana mdogo."

"Kwa nini hukusema pale barazani?"

"Uliuliza, ikasemwa maswali baadaye. Mimi mtumwa, hujibu nikiachwa nijibu. Na usiitupe, haitupiki. Ikishazoea mkono, haiachi mpaka ishone."

Nadhiri akaujaribu mkono wake, na kweli, sindano ilikuwa imeng'ang'ania kiganjani kama kupe. Akamgeukia kasuku na kumwambia, "Ruka, umwambie baba: asitoe amri wenyeji wasipokubali, maana uzi ni umri wangu." Kasuku akaruka mpaka dirisha la Sultani, akalikumbuka bakuli la pilipili, akameza, akasema, "Karibu." Kisha akala lozi yake na kurudi.

Nyumba ya kwanza bondeni ilikuwa ya Bwana Fumu, mfinyanzi, na mkewe Bi Mwanatenga. Nadhiri akasimama nje ya kizingiti na kupiga hodi.

"Karibu, mwanangu, karibu," akasema Fumu, mikono imejaa udongo.

"Fumu," ikasema sauti kutoka ndani, "unamkaribisha nani?"

"Mwana wa Sultani. Amekuja kulichukua bonde."

"Nawe unamwambia karibu?"

"Mke wangu, Jauhari wana barabara, wana tabibu. Malkia wetu ana nini? Ana heshima. Umewahi kuona heshima ikitibu homa?"

Bi Mwanatenga akajitokeza mlangoni, kanga kiunoni, akamtazama Nadhiri toka kilemba hadi viatu. "Ukishakuwa wao, Fumu, hata kuugua utaugua kwa ruhusa. Na wewe, kijana, vua viatu uingie. Mimi sigombani na mtu mwenye njaa. Nitagombana nawe ukishakula."

Wakampa maji ya chemchemi katika kata, na Nadhiri akanywa akafumba macho, maana alikuwa amesahau kwamba maji hayana ladha. Akala, na Bi Mwanatenga akagombana naye kama alivyoahidi, na Nadhiri akauliza, akajibiwa, akauliza tena, mpaka Fumu akacheka na kumwambia mkewe, "Huyu hakuletwa kututawala, ameletwa kutuchosha."

Kutoka hapo akapita nyumba hadi nyumba. Ajuza mmoja akamwambia, "Nimetawaliwa na wafalme wengi, na kuku wangu walitaga vilevile chini ya wote." Mwenye mashamba ya rihani akasema karibu haraka sana, kisha akauliza kodi itakuwaje, na alipojibiwa akasema asubiriwe afikiri. Msichana mmoja akasema dada yake ameolewa Jauhari na anakunywa chumvi, na kama mpaka ukifutika ataweza kumpelekea mtungi bila kuulizwa na askari, na kaka yake akadakia, "Mpaka ukifutika, askari watakuja mpaka hapa mlangoni." Nadhiri alikuwa akitafuta sauti moja na kila mlango ulikuwa na yake, na nyumba nyingine zilikuwa na mbili, lakini badala ya kuogopa akajikuta anataka kusikia mlango unaofuata.

Jua likiwa utosini, Nadhiri akiwa amerudi uani kwa Fumu, Malkia Zuwena akaja kwa miguu, kijana kama Nadhiri mwenyewe, unga bado mikononi. "Nimeambiwa unapiga hodi nyumbani kwangu," akasema, "na mimi nilikuwa jikoni, sikusikia."

Nadhiri akainama. "Na jibu lako ni lipi, Malkia?"

"Mngeomba maji, ningesema leteni mitungi. Mmeomba nchi. Mbona mmelipita ombi dogo mkaenda kwenye kubwa?"

Nadhiri akafikiri, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na swali. "Sidhani kama yuko aliyelifikiria," akasema.

"Mwenye kiu huomba maji," akasema Zuwena. "Anayeomba kisima na uwanja na watu wanaochota, huyo ana jambo jingine."

Hapo kasuku akaruka kutoka begani mwa Nadhiri, akatua tena mbele ya baraza la Jauhari, na Sultani akamwuliza, "Ee Shahidi, wasemaje watu wa bonde?" Kasuku akajibu, "Karibu, karibu, karibu." Waziri akaitandaza mikono kama mtu aliyeshinda bao, Sultani akasimama akanena, "Khayati, shona." Na amri ya Sultani ikavuka kilima kwa kasi ya umeme.

Khayati akarefuka mpaka akayagusa mawingu, na machozi yakimtoka, akaibandua sindano kiganjani mwa Nadhiri, akaitunga. Uzi mweupe ukachomoka kifuani mwa Nadhiri, na sindano ikazama katika ardhi na kuibuka, na kila ilipoibuka nywele za kijana zilizidi kuwa nyeupe na mashavu yake yakazidi kubonyea, na kilima kikaguna na kusogea, na vyungu vya Fumu vikaanguka rafuni. Bi Mwanatenga akakimbia akamlaza Nadhiri pajani pake, na watu wa bonde wakajaa uani.

Jini akapaza sauti. "Enyi wenyeji, naushona umri wake, na ukiisha huu sina mwingine. Semeni karibu kwa sauti moja, nimwache."

Ndipo ubishi ukazuka. "Tuseme, tumwokoe." "Tukisema, bonde limekwenda." "Mtoto wa adui atufie hapa, watatuteketeza." Na Fumu, ambaye tangu alfajiri alikuwa upande wa Jauhari, akasema, "Mimi nilisema waje. Sikusema waje hivi." Wote wakamgeukia Malkia, naye amemshika Nadhiri mkono uliokuwa ukikauka, akasema kwa shida, "Nchi si yangu peke yangu niitoe. Na kijana huyu si wangu nimwache afe. Anayejua la kusema aseme."

Bi Mwanatenga akamwinulia jini uso. "Wewe fundi, nikuulize. Mtu akipiga hodi kwangu nikamkaribisha, akala, akanywa, kitanda changu kimekuwa chake?"

"Hakijawa," akasema jini.

"Na chungu changu?"

"Hakijawa."

"Basi sisi bondeni karibu yetu ndiyo hiyo, hatujui nyingine. Mgeni huvua viatu, hupewa maji, huombwa habari za kwao, na hafii mikononi mwetu. Huyu amekula kwangu. Tukikupa neno hilo, neno la kumpokea mgeni tu, utalikataa?"

Khayati akaisimamisha sindano hewani, na katika karne zote za utumwa wake hakuna aliyewahi kumletea uzi wa namna ile. "Mimi hushona ninachopewa," akasema taratibu. "Uzi wa mgeni hauvuti nchi, mama. Hufungua njia tu."

Hapo waliotaka Jauhari na wasioitaka, na ajuza mwenye kuku, na mwenye mashamba aliyekuwa bado anafikiri, wakasema pamoja, "Karibu, mgeni wetu." Na neno lile likatoka vinywani mwao likiwa uzi wa buluu, na ule mweupe ukarudi kifuani mwa Nadhiri ulikotoka. Jini akashona toka chemchemi mpaka kileleni, na toka kileleni mpaka malango ya Jauhari, na kila mshono ukafunguka ukawa mfereji, na maji yakakimbia ndani yake yakiimba, na kilima kikarudi mahali pake na kutulia. Sindano ilipomaliza kazi, Khayati akaichomeka kwenye chanzo cha mfereji iwe komeo, akaupiga utepe wake mafundo, akacheka kama mtoto, na kutoka siku ile hakuonekana tena.

Nadhiri akarudi Jauhari kwa miguu, ujana wake umerudi isipokuwa shungi moja jeupe juu ya paji. Akakuta watu wanakunywa kwa viganja barabarani, na Sultani akishangilia barazani kwamba bonde limekuwa lake. Kasuku alipoliona lile shungi jeupe, koo likamjaa, akakohoa, na yote aliyoyameza yakaanza kutoka, kila neno kwa sauti ya mwenyewe. "Utaugua kwa ruhusa." "Askari watakuja mpaka hapa mlangoni." "Hapana." "Mwenye kiu huomba maji." "Hapana, bwana, hapana." Na mwisho, kwa sauti ya Nadhiri, "Umwambie baba: asitoe amri wenyeji wasipokubali, maana uzi ni umri wangu."

Sultani akaketi polepole kama mzee. Bibi Salha akatoka nyuma ya pazia, akalishika shungi la mwanawe. Na Waziri Fadhaili akapewa kazi mpya ya kumlisha kasuku, kwa sharti kwamba kila neno, tamu au chungu, lilipwe lozi, na kasuku yule akanenepa upesi.

Baadaye Nadhiri, aliyekuwa hakomi kumfikiria malkia aliyemmalizia maswali, akamwambia baba yake kwamba anataka kumposa Malkia Zuwena, na Sultani akaondoka mwenyewe kwenda bondeni, maana posa haipelekwi na kasuku. Akafika kwenye nyumba ya Bi Mwanatenga, kwa kuwa Malkia alimtaja huyo kuwa somo yake, mwanamke aliyemfunda, na yeye aliyezoea milango ifunguke kabla hajafika akasimama nje ya kizingiti, akapiga hodi. Akapiga tena, na kutoka ndani akamsikia Fumu akisema, "Angalau tumwombe barabara," na mkewe akisema, "Aombe kwanza yeye." Sultani Shaharubi bin Dahmani akangoja juani, jasho likimtiririka chini ya kilemba, hajui atajibiwa nini.

"Nani?" akauliza Bi Mwanatenga.

"Ni mimi, jirani yenu."

"Karibu, jirani. Vua viatu."

Akavivua. Na harusi ikafanywa, na Nadhiri akahamia kwa mkewe Mitunda, na neema ikaingia pande zote mbili, na barabara ya Fumu ikajengwa, ingawa Bi Mwanatenga hakuacha kuitazama kwa jicho la pembeni. Mpaka leo watu wa Jauhari, kabla ya kulifungua komeo la shaba, hupiga hodi kwanza na kungoja, na wako kati yao wanaosema ni usumbufu. Lakini aliyenipa hekaya hii alikunywa maji ya mfereji ule, akaniambia kilichotolewa kwa karibu hutosha wawili, na kilichovutwa kwa nguvu humfupishia umri anayevuta.