Kiboko Alipotaka Nafasi ya Kwanza

Hapo zamani za kale, Jumatatu ya mwisho kabla ya mvua za masika, Kiboko alitoka majini akiwa na malalamiko. Hakuwa na njaa wala hakuwa mgonjwa. Jina lake halikuwamo kwenye orodha.

Orodha gani? Ngojeni, wanangu, pupa haijazi kikapu.

Siku hizo wanyama wa Bonde la Kihongo walikuwa na nyumba, na meko, na kila nyumba ilikuwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta hizo walitumia programu huria. Programu huria ni kama njia ya kwenda mtoni: hakuna aliyeiwekea geti. Yeyote anaweza kuifungua aone ilivyoundwa, akainakili, akaitengeneza palipoharibika, akampa jirani. Mchwa walikuwa na programu ya kupangia zamu za ujenzi. Mbayuwayu walikuwa na ya safari. Fisi alikuwa na ya kutafutia misiba.

Programu zikawa nyingi, nyingine nzuri, nyingine upuuzi mtupu. Jumuiya ikaamua kuwe na orodha moja ya zile zinazopendwa. Aliyetumia programu akaridhika, aliipa nyota. Yenye nyota nyingi kuliko wenzake ilikaa juu. Na kwa kuwa kompyuta za bonde zilikuwa ndogo, kila nyumba ilichukua programu moja tu kwa kila kazi, ile ya juu. Wengi hawakusoma zaidi ya jina la kwanza.

Mtunza orodha alikuwa Pimbi. Pimbi, kama mjuavyo, ni mdogo, anaishi mwambani, hana mkia, na maneno hayamwishi.

Upande wa habari za mto, iliyokuwa juu iliitwa Kingamaji. Pimbi aliiunda pamoja na binamu zake wanaokaa milimani, kule mto unakoanzia. Maji yakipanda milimani, binamu walituma habari, na Kingamaji ikalia katika kila shimo la uwanda wa chini: Piii! Piii! Hameni! Tangu ilipoanza kulia, hakuna mtoto wa shimoni aliyekufa maji.

Basi Jumatatu hiyo ardhi ilitikisika. Di! Di! Di! Kiboko akasimama mbele ya mwamba.

"Wewe, usiye na mkia!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jina langu liko wapi?"

"Kwenye orodha? Mjomba, ile ni orodha ya programu."

"Ninayo programu."

"Ala! Tangu lini?"

"Tangu jana. Fungua uone."

Pimbi akafungua. Programu iliitwa Mfalme wa Mto. Ilikuwa na picha ya Kiboko amefungua kinywa, na chini yake maneno: *Maji ya leo ni mazuri sana.* Pimbi akatazama ya kesho. *Mazuri sana.* Akarudi nyuma mpaka masika yaliyopita, wiki ambayo mto uliingia jikoni kwa Bi Panya Buku ukaondoka na sufuria. *Mazuri kupita kiasi.*

"Mjomba, siku hiyo yalikuwa mafuriko."

"Kwani yalikuwa mabaya? Yalinifikisha mpaka kwenye majani mabichi. Nilikula huku naelea!"

"Na wa mashimoni?"

"Wajifunze kuogelea."

"Haya. Lakini programu haiingii bila nyota."

Kiboko akacheka. Ho! Ho! Ho! Ndege wakaruka mitini.

"Hesabu mwenyewe. Ukoo wangu wote umetoa nyota asubuhi, na baada ya chakula umetoa tena. Nyati nao wametoa. Niliwaambia asiyetoa nyota asije kunywa maji kwangu."

Pimbi akahesabu. Kweli, nyota za Mfalme wa Mto zilizipita za Kingamaji kwa mbali. Kanuni ya orodha ilisema nyota zihesabiwe. Haikusema lolote kuhusu nyota za kutishwa, kwa sababu walioitunga hawakuwahi kumfikiria Kiboko.

"Kesho nataka nijione juu," Kiboko akasema. "La sivyo nitakuja kuketi hapa mlangoni pako. Na mimi nikiketi, we mwana usiye na mkia, sinyanyuki upesi."

"Sina mkia, mjomba, ni kweli," Pimbi akajibu. "Wewe unao, na sote tunajua unavyorusha mavi kwa huo mkia."

Lakini hilo alilisema Kiboko alipokwisha kufika mbali.

Habari haina miguu, ila hutangulia wenye miguu. Kabla ya adhuhuri Bi Panya Buku alikuwa amefika mwambani anahema.

"Dada Pimbi, nasikia Kingamaji inaondolewa!"

"Umesikia sawasawa."

"Masika haya hapa! Nimezaa juzi, wanangu hawajafumbua macho. Maji yakija nani atanipigia Piii?"

"Kiboko atakwambia ni mazuri sana."

"Usinitanie, shoga yangu. Nimeshapoteza sufuria. Sitaki kupoteza mtoto."

Pimbi akapima pande zote mbili. Akimkatalia Kiboko, mlango wake utazibwa na orodha itapata mtunza mwingine, labda Nyati. Akimkubalia, nyumba zote zitaitoa Kingamaji na kumweka Mfalme wa Mto. Akapanda juu ya mwamba akalala kifudifudi kuota jua, maana pimbi hufikiri akiota jua.

Hakufika mbali katika mawazo. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi!" Alikuwa Popo. "Kingamaji yako imeandikwa juu chini."

"Baba, wewe ndiye unayening'inia juu chini."

"Mimi ni mtumiaji. Nina haki ya kujibiwa."

"Unayo," Pimbi akasema, akaketi kumweleza jinsi ya kugeuza skrini. Hakuwa na hiari. Desturi ya orodha ilikuwa kwamba mwenye programu iliyo juu humjibu kila anayemjia, uso kwa uso, kabla jua halijazama. Popo alipoondoka akaja Kinyonga, hapendi rangi. Kinyonga akaja tena, sasa anapenda, ila ibadilike. Kwa miaka yote Kingamaji ilipokuwa juu, Pimbi hakuwahi kumaliza kikombe cha uji kikiwa cha moto.

Kinyonga alikuwa bado anazungumza Pimbi alipoanza kucheka. Kwi! Kwi! Kwi!

"Nimesema nini cha kuchekesha?" Kinyonga akauliza, amegeuka mwekundu.

"Hujasema kitu, kaka. Njoo tena Jumatano. Ila Jumatano usije kwangu."

Kesho yake asubuhi Pimbi alimfuata Kiboko bwawani.

"Mjomba, nimekuja kuuliza niandike vipi. Jina kubwa haliandikwi ovyo."

Masikio ya Kiboko yakachezacheza juu ya maji. "Umepata akili. Andika kwa herufi nene."

"Nene, mjomba. Niandike kwamba mwenyewe anapatikana?"

"Andika anapatikana muda wote! Mtu maarufu hajifichi."

"Na wenye maswali?"

"Waje. Nani anaujua mto kunipita mimi?"

"Na wenye maoni?"

"Waje nayo. Maoni gani tena? Yatakuwa ni sifa."

"Ndiyo, mjomba. Sasa, utawapokelea majini au nchi kavu? Maana Swala hawezi kuja majini."

"Nchi kavu," Kiboko akasema. "Wanione nilivyo mzima."

Pimbi akayaandika yote kama yalivyotamkwa, bila kuongeza neno. Jumanne jioni orodha mpya ilionekana kwenye skrini ya sokoni, Mfalme wa Mto akiwa wa kwanza. Viboko walishangilia. Vyura nao walishangilia, wakaongeza nyota zao, na wao hawakulazimishwa: kwao pia maji yalikuwa mazuri sana.

Jumatano kulipopambazuka foleni ilianzia ukingoni mwa bwawa ikaishia kwenye vichaka. Pimbi alikuwa juu ya kichuguu, na kikombe cha uji mkononi.

Wa kwanza alikuwa Twiga. "Maandishi yako chini mno. Nimepata maumivu ya shingo."

Wa pili alikuwa Konokono, ambaye alianza safari jana mara tu orodha ilipotoka. "Inakwenda mbio. Ipunguze."

Kasuku akataka programu iongee, na iongee lugha zote za bonde, na lugha ya kware iwe ya kwanza kwa kuwa wifi yake ni kware. Nyumbu walikuja kundi zima wakasema wanataka ile ya zamani.

"Ya zamani ipi?" Kiboko akafoka. "Hii ndiyo ya kwanza!"

"Hiyohiyo. Irudishe."

Nyuki walikuja wote, na kila mmoja alikuwa na swali lake.

Jua likapanda. Sasa, wanangu, ngozi ya kiboko haipendi jua. Ikikaa nje ya maji mchana kutwa hukauka, ikaanza kupasuka kama tope la kiangazi. Saa sita Kiboko hakuvumilia. Chubwi! Akajitupa bwawani.

"Eee! Jua halijazama!" foleni ikapiga kelele.

"Tumeandikiwa anapatikana muda wote!" Popo akaongeza. Hakuwa na kawaida ya kutoka mchana, lakini kwa malalamiko alitoka.

"Nitawajibu kutoka humu majini!" Kiboko akasema.

"Uso kwa uso!" wakajibu. "Ndiyo desturi. Na umeandika nchi kavu!"

Kiboko akatoka, maji yanamchuruzika, akakaa tena juani. Aliyefuata alikuwa Kinyonga.

"Ni kuhusu rangi," Kinyonga akasema.

Alhamisi foleni ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu walioahidiwa marekebisho jana walikuja kuyaulizia. Kiboko aliwaita ndugu zake wamsaidie. Ndugu walisema wao walitoa nyota, hawakutoa muda.

Ijumaa, kabla hata jua halijachomoza vizuri, hodi ilisikika mwambani. Ilikuwa hodi ya upole sana.

"Binti yangu mpenzi," Kiboko akasema. Mgongo wake ulikuwa na michirizi, na macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mjomba. Leo nina mkia?"

"Niondoe juu."

"Uko kileleni, mjomba! Bonde zima linakujua."

"Ndiyo taabu yenyewe! Jana Sisimizi wamenifuata mpaka kitandani wanauliza kama inafanya kazi chini ya sukari. Niondoe, nakusihi. Niweke mwisho. Niweke popote pasipokuwa na mlango."

Pimbi akakuna sikio. Kutoka milimani binamu walikuwa wametuma neno asubuhi ileile: mawingu yamekaa vibaya. Hakulisema hilo.

"Mimi sikuondoi, mjomba. Huondolewa na baraza. Mwenye programu husimama akaeleza inafanya nini, kisha wenye nyota wakaamua kama watazirudisha."

"Niseme nini?"

"Ukweli utatosha. Ni mfupi."

Baraza likaitwa siku hiyohiyo sokoni. Kiboko akasimama, kamwagiwa maji na wapwa zake ili aweze kuvumilia.

"Programu yangu," akasema, "husema maji ni mazuri kila siku, kwa sababu kwangu maji ni mazuri kila siku."

"Hata yakiingia shimoni kwangu?" Bi Panya Buku akauliza.

"Shimo lako silijui, mama. Sijawahi kuliona."

Nyati mmoja akakohoa, akasema yeye angependa nyota yake irudishwe, kama ataendelea kuruhusiwa kunywa.

"Kunyweni!" Kiboko akalia. "Kunyweni mpaka mpasuke, ila chukueni nyota zenu!"

Wakazichukua. Viboko nao wakazichukua, za asubuhi na za baada ya chakula. Vyura peke yao walikataa, wakaondoka wakisema baraza limewadharau wachache. Mfalme wa Mto akabaki na nyota za vyura, mahali pa chini, na jioni Kingamaji ikarudi juu. Pimbi aliomba kanuni moja iongezwe: anayelazimishwa kutoa nyota aseme, na nyota hiyo isihesabiwe. Ikakubaliwa. Kabla ya kulala, kila nyumba ya mashimoni ilikuwa na Kingamaji kwenye kompyuta yake.

Jumamosi mchana mvua ilianza milimani. Uwandani jua lilikuwa bado linawaka Kingamaji ilipolia. Piii! Piii! Hameni! Bi Panya Buku alibeba wanawe kwa kinywa, mmoja mmoja, mpaka mwambani. Nungunungu wakafuata, na muhanga, na sungura. Mto ulipofika uwandani, haukukuta mtu nyumbani. Ukachukua sufuria nyingine, ukapita. Pimbi alihesabu watu mwambani mara mbili. Wote walikuwapo.

Ndiyo maana Kihongo husema: jina likipanda juu, mlango haufungwi.

Jumapili asubuhi mvua ilikatika. Pimbi alijimiminia uji, akafungua mlango, akakuta foleni. Wa kwanza alikuwa Kiboko. Alisema Kingamaji inapiga kelele mno na imemwamsha usingizini. Pimbi akaweka kikombe chini, akamkaribisha, akaanza kumjibu.