Kilio cha Kujaribia

Kilio cha kujaribia, jililie mwenyewe. Mmeyasikia haya leo kwa yule dada wa kompyuta pale ofisini, mkaja kunikodolea macho mkidhani ni maneno ya wahenga wa kale. Wahenga gani! Aliyeyasema nimempikia ndizi kwa mikono yangu hii. Haya, kaeni, na wewe weka hiyo simu chini. Mwanzo wake ni huu.

Hapa Kyamutuzi palikuwa na mama aitwaye Kokushubira, sisi tukimwita Ma Koku, katibu wa chama chetu cha kuzikana. Desturi yetu mnaijua: akifa mtu, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, na aliye mbali hurudi, hata awe wapi. Kazi ya Ma Koku ilikuwa kuwapa habari wanachama waliotawanyika, mia tatu na ushee, kwa barua pepe, mmoja mmoja. Kaka yake alipofariki aliandika siku mbili huku machozi yakimdondoka, na binti wa marehemu akafika kaburi limeshafukiwa. Binti yule alikaa juu ya udongo mbichi. Ma Koku hakuisahau sura ile. Akaapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayekosa kumzika mzazi wake kwa sababu ya uzito wa vidole vyake yeye.

Ndipo chama kikapata wakala, yaani akili mnemba inayofanya kazi ndani ya kompyuta. Unamwambia unachotaka kwa Kiswahili chako, naye anaandika na kuwatumia watu wote kwa mara moja. Ma Koku alifurahi jamani! Jioni moja, ukungu wa ziwani ukianza kuingia migombani, alimwambia ajaribu kama tangazo la msiba linaweza kuwafikia wanachama. Kisha akafunga ofisi, akaenda zake kupika.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa letu sisi. Kwetu ukimwambia mtu aonje maharage, anachota punje mbili, hamalizi chungu. Ma Koku alidhani wakala naye kalelewa hivyo. Hakumpa jina la kubuni wala anwani ya kujaribia. Tangazo likataka jina la marehemu, wakala akachukua la kwanza kwenye orodha: Alphonce Byabato, mwalimu mstaafu. Likataka wa kutumiwa, akawachukua wote. Hakuwa na ubaya wowote. Alifanya alichoambiwa.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, migomba inaonekana nusunusu. Mzee mwenyewe, Ta Byabato kama tulivyomwita kwa heshima, alikuwa barazani anakunywa uji, akasikia kilio kinakuja njiani, chepesi, kama kinatoka usingizini. Watu wakaanza kutokeza ndani ya weupe ule mmoja mmoja, wamebeba mafungu ya nyasi mbichi za kutandika nyumba ya msiba. Wakamwona. Kilio kikakatika. Mzee akajishika shavu, akaangalia kikombe chake kama bado kinatoa moshi. Baadaye alikiri kwamba kwa kitambo kile hakuwa na hakika yuko upande upi.

"Nani amefariki?" akauliza.

Watu walisimama tu na nyasi zao, umande ukidondoka.

Ma Koku alifika mbio, akapiga magoti, akaeleza yote. Alipofika kwenye habari ya Deogratias, mtoto pekee wa mzee, alijifunika uso kwa khanga, kwa maana Deo alikuwa ng'ambo na tayari alishapanda ndege. Na kweli siku ya pili akafika, suti nyeusi, macho yamevimba, akamkuta baba yake anamenya ndizi. Alimkumbatia akalia, kisha akacheka, kisha akakasirika hadi akatoka nje. Ma Koku akamfuata kumwomba radhi, akasema alikuwa anajaribu tu.

Ta Byabato hakumfokea. Alimwita Ma Koku akamkalisha karibu yake. "Mwanangu," alisema, "kilio cha kujaribia, jililie mwenyewe. Ukishakipeleka kwa watu, hakirudi."

Sisi tulidhani yameisha. Miaka miwili baadaye mzee alijilaza mchana, asiamke. Tangazo likatoka kwa dakika moja, limenyooka, halina kosa. Deo alilisoma huko ng'ambo akatabasamu. Alituambia mwenyewe: "Nilijua wananijaribu tena." Akangoja apigiwe simu, na simu ilipompata, ndege ya siku ile ilikuwa imeondoka. Alifika kaburi limeshafukiwa, akakaa juu ya udongo mbichi. Ma Koku alikuwa amesimama nyuma yake. Sura ilikuwa ile ile, wajukuu zangu.

Toka hapo, kila wakala alipobadilishwa kitu, Ma Koku alimpa orodha yenye anwani moja tu, yake, na jina la marehemu moja tu, lake. Nimewahi kumkuta ofisini, ukungu umejaa dirishani, mikono ameiweka mapajani, anasoma: "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha dada yetu Kokushubira." Alisoma mpaka mwisho, akakagua kama herufi zimekaa sawa, akajipa pole, ndipo akalifuta tangazo lile. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa, tena sana, na ndiyo sababu hampelekei mtu mwingine.

Kwa hiyo mkimsikia yule dada anamwambia mwenzake anayetaka kujaribu kitu, msicheke. Kilio cha kujaribia, jililie mwenyewe.